Dawa Ipo, Njia Ndiyo Tatizo: Kiungo cha Farasi Kikiingia Vijidudu

Mhariri aliniomba niandike kitu kuhusu fani yangu, na najua wengi mlitegemea matangi na mabomba, manake mimi ni mhandisi wa maji. Badala yake nitawaandikia habari za miguu ya farasi. Msicheke kwanza. Mkifika katikati mtaona kuwa mabomba nayo yamo.

Swali lenyewe ni hili: farasi akiingiwa na bakteria ndani ya kiungo cha mguu, na dawa ya kuwaua bakteria hao ipo dukani, kwa nini farasi wengi bado wanapoteza mguu, au maisha kabisa? Jibu kwa kifupi ni kwamba dawa kuwepo mwilini si sawa na dawa kufika panapotakiwa. Hilo ni somo la uhandisi kabla halijawa somo la udaktari, na naamini lina faida hata kwa sisi ambao kwetu hakuna farasi, kuna ng'ombe na punda.

Farasi na Saudia

Ukiishi Riyadh huwezi kuwakwepa farasi. Kaskazini-mashariki ya mji, Janadriyah, kuna uwanja wa mbio wa Mfalme Abdulaziz, na hapo ndipo mwaka 2020 lilipoanza shindano la Saudi Cup lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 20. Kusini-magharibi, Dirab, kuna kituo cha kutunza farasi wa asili ya Kiarabu. Mwaka 2012 kule London timu ya Saudia ya kuruka viunzi ilipata medali ya shaba ya Olimpiki, na Aprili 2024 fainali za Kombe la Dunia za kuruka viunzi zilifanyika hapa hapa Riyadh. Jeddah nako kuna mazizi mengi ya farasi wa kuruka. Tofauti ni hewa: Riyadh ni kukavu, vumbi na changarawe, Jeddah ni joto la pwani na unyevu kama wa Mombasa mwezi wa tatu.

Sisi wa Afrika Mashariki farasi tunamwona kwenye gwaride la polisi, au kama uko Nairobi basi kwenye mbio za Ngong. Sababu si kwamba hatuwapendi. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na visubi vimewanyima farasi nafasi ya kuzaana kwetu kwa wingi.

Mimi niliingia kwenye habari hizi kupitia kaka mmoja Mkenya anayefanya kazi ya usaisi nje ya Riyadh. (Saisi ni mtunza farasi, wazee wa pwani wanalijua neno hili vizuri.) Siku za mapumziko naenda kumtembelea, na mara kadhaa nimejikuta nimeshikishwa saa nihesabu dakika wakati daktari wa mifugo anafanya kazi. Nilianza kuuliza maswali, nikapewa vitabu, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kiungo ni chumba kilichofungwa

Chukua kifundo cha farasi, kile kilicho juu kidogo ya kwato. Mifupa inakutana hapo, na kila mfupa mwishoni umevaa gegedu laini. Chumba kizima kimezungushiwa utando mwembamba unaotengeneza ute. Ute huo ndio oili ya kiungo. Ukiwa mzima una rangi ya njano hafifu, unapitisha mwanga, na ukiuvuta kati ya vidole viwili unanyumbuka kama mlenda.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kutoka kwenye ute. Kwa hiyo likiharibika, halijirekebishi kama ngozi inavyojirekebisha. Sasa bakteria wakiingia humo ndani, mwili unapeleka askari wake, chembe nyeupe za damu. Askari hao wanapigana kwa kumwaga kemikali kali ambazo hazichagui adui na raia: zinaua bakteria na zinakula gegedu pia. Juu ya hapo, mwili unatengeneza mabonge ya utando ndani ya kiungo, na bakteria wanajificha humo kama wezi kwenye vichochoro. Bakteria aliyejificha ndani ya utando anaweza kuhimili dawa mara mia au hata zaidi ya yule anayeelea peke yake.

Daktari anajuaje? Anachoma sindano, anavuta ute. Ute wa kiungo kizima huwa na chembe nyeupe chini ya 1,000 kwa kila mikrolita. Ukikuta zaidi ya 30,000, na ute umekuwa wa mawingu na mwepesi kama maji, basi hapo karibu hakuna ubishi. Majibu ya kuotesha bakteria maabara yanachukua siku, na wakati mwingine bakteria haoti kabisa hata kama yumo. Kwa hiyo madaktari hawasubiri. Wanaanza matibabu siku hiyo hiyo.

Milango ya kuingilia

Bakteria wana milango mitatu. Wa kwanza ni jeraha: msumari, waya, jiwe lenye ncha. Farasi mmoja pale Riyadh alikanyaga msumari uliobaki baada ya mafundi kutengeneza paa. Juu juu palionekana tundu dogo kama la sindano, ukiosha hata damu huoni. Lakini ndani ya kwato kuna kiungo na kuna kifuko cha ute, na msumari wa sentimita chache tu unafika. Saisi yule Mkenya hakuuchomoa haraka haraka; alimwita daktari, ikapigwa picha ya eksirei msumari ukiwa bado ndani, ikajulikana umeelekea wapi. Kama anayeijua kazi hayupo, msumari ukichomolewa, tundu linajifunga na siri inabaki ndani.

Mlango wa pili ni sisi wenyewe: sindano. Farasi wa michezo mara nyingi huchomwa dawa ya kutuliza maumivu ndani ya kiungo. Ikiingia bakteria moja ya ngozi pamoja na sindano, umeipeleka mwenyewe chumbani. Jeddah nilisikia kisa cha farasi wa kuruka aliyechomwa kwenye kifundo. Siku ya tatu kifundo kimevimba na mguu hauwekwi chini. Wenye zizi, ambao sitawataja, wakasema ni dawa tu inafanya kazi, itatulia. Wakampaka barafu na kumpa vidonge vya maumivu. Daktari alipoitwa ilikuwa siku ya sita. Farasi yule hakupona, ikabidi alazwe usingizi wa mwisho. Nitarudi kwenye kisa hiki, manake kina jambo muhimu kuhusu muda.

Mlango wa tatu ni damu, na huo ni wa watoto. Mtoto wa farasi akizaliwa hana kinga mwilini. Anaipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake unaweza kuipokea kwa muda wa kama siku moja tu. Akikosa dang'a, bakteria wanaopitia kitovuni au tumboni wanasafiri na damu na kutua kwenye viungo, mara nyingi zaidi ya kimoja. Wafugaji wa ng'ombe mnalijua hili kwa ndama.

Kwa nini usiongeze dozi tu?

Hapa ndipo watu wengi tunakosea, hata kwa binadamu. Tunafikiri dawa ikishindwa, iongezwe. Hebu tupige hesabu.

Farasi wa wastani ana kilo 500. Dawa inayotumika sana kwa bakteria hawa ni amikasini. Dozi ya mwili mzima kwa farasi mkubwa ni kama miligramu 10 kwa kilo, yaani gramu 5 kwa siku. Vichupa vyake vingi vina gramu nusu, kwa hiyo unazungumzia vichupa 10 kila siku. Gramu 5 hizo zinakwenda wapi? Zinasambaa kwenye maji ya mwili yaliyo nje ya chembe, tuseme lita 100. Gawanya: unapata kama mikrogramu 50 kwa kila mililita pale juu kabisa, halafu kiwango kinaanza kushuka saa hiyo hiyo kwa sababu figo zinaichuja.

Amikasini ni dawa inayoua kwa nguvu ya ukolezi. Haitoshi kufikia kile kiwango cha chini kinachozuia bakteria kukua. Inatakiwa uzidi mara 8 hadi 10 ya hicho. Bakteria ambaye anazuiwa na mikrogramu 16 atahitaji kama 160. Sasa wewe una 50 kwenye damu, na ndani ya kiungo kilichojaa usaha ni pungufu zaidi. Ukitaka kufikisha 160 kwa mtindo huo itabidi uzidishe dozi mara tatu na zaidi, na hapo figo za farasi zitakuwa za kwanza kufa. Dawa za kundi hili zinajulikana kwa kudhuru figo.

Tena kumbuka umbo la mguu wa farasi. Kuanzia goti kwenda chini hakuna misuli, ni mfupa, kano na ngozi. Damu inayopita huko ni kidogo ukilinganisha na inayokwenda kwenye paja au mapafu. Na kiungo kikivimba, presha ya ndani inapanda na kubana vimishipa vidogo. Kwa hiyo mahali penye haja kubwa ya dawa ndipo dawa inapofika kwa shida.

Mafundi wa maji wanafanyaje?

Riyadh iko katikati ya jangwa, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya maji yake inatoka baharini Jubail, inatolewa chumvi, halafu inasukumwa kwa mabomba zaidi ya kilomita 400 hadi mjini. Maji hayo yanatiwa klorini kidogo, chini ya miligramu 1 kwa lita mara nyingi, ili yasiharibike njiani na mtu aweze kuyanywa.

Sasa bomba la mtaa mmoja likipasuka na uchafu ukaingia, tunafanyaje? Je, tunapandisha klorini ya mji mzima mpaka mtaa ule usafike? Tutawadhuru mamilioni ya watu kwa ajili ya nyumba ishirini. Hapana. Tunafunga valvu za mtaa ule. Tunausafisha uchafu kwa maji mengi. Halafu tunajaza klorini kali, kawaida miligramu 25 kwa lita, na tunaiacha ikae humo saa 24. Mwisho tunaimwaga, tunapima, tunafungua valvu. Funga, osha, jaza, subiri, fungua.

Siku ya kwanza nilipomwona daktari akiutibu mguu wa farasi, nilimwambia, bwana, hii kazi naijua. Tofauti ni kwamba kwenye mguu kuosha ni kazi ya peke yake, nitaieleza mbele kidogo.

Mpira, sindano na nusu saa

Njia hii haikuanza kwa farasi. Mwaka 1908 daktari wa upasuaji Mjerumani, August Bier, alieleza jinsi ya kufunga mkono au mguu wa mtu kwa mpira na kuingiza dawa ya ganzi kwenye vena, ili sehemu ile peke yake ife ganzi. Madaktari wa mifugo walichukua wazo lile lile, wakaweka antibiotiki mahali pa ganzi.

Inavyokwenda ni hivi. Farasi anachomwa dawa ya kumtuliza akiwa amesimama, kichwa kinashuka, mdomo unalegea. Mguu unakufishwa ganzi ili asisumbuke. Nywele zinanyolewa juu ya vena, ngozi inasafishwa vizuri. Kisha unafungwa mpira mpana juu ya kiungo kinachoumwa. Kama tatizo liko kwenye kifundo au kwato, mpira unaweza kuwekwa juu ya goti au chini yake. Ni kama ule mpira ambao nesi anakufunga mkononi akitaka kukutoa damu, ila huu ni mpana zaidi na unabana kwa nguvu zaidi, kwa sababu unatakiwa uzuie hata damu ya ateri isipite.

Baada ya hapo daktari anaingiza sindano nyembamba kwenye vena iliyo chini ya mpira na kusukuma dawa polepole. Kwa amikasini kipimo kinachotumika sana ni kama gramu 2, iliyochanganywa na maji ya chumvi ya dripu mpaka ifike mililita 60 hivi. Damu haina pa kwenda. Presha ndani ya vena inapanda, vimishipa vinatanuka, na dawa inasukumwa kutoka kwenye mishipa kwenda kwenye nyama, mfupa na ute wa kiungo. Pia kuna nguvu nyingine inayofanya kazi: kitu chochote kikiwa kingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, kinasafiri chenyewe kwenda kwenye uchache. Mjerumani mwingine, Adolf Fick, aliliwekea hesabu jambo hili mwaka 1855. Tofauti ya ukolezi ikiwa kubwa, safari inakuwa ya kasi.

Piga hesabu tena. Gramu 2 ndani ya mguu wenye, tuseme, lita 4 za damu na majimaji: mikrogramu 500 kwa mililita. Linganisha na 50 za mwanzo. Tumetumia vichupa 4 badala ya 10, tumepata ukolezi mara kumi. Na baada ya dakika 20 hadi 30 mpira ukifunguliwa, gramu 2 zile zikirudi mwilini zinakuwa miligramu 4 tu kwa kilo, chini ya nusu ya dozi ya kawaida. Figo hazishtuki.

Zoezi hili linarudiwa kila siku au siku moja baada ya nyingine, mara nyingi mara tatu, kutegemea hali. Wakati huo huo farasi anaendelea kupata dawa za mwili mzima, ila daktari anahesabu jumla ili asije akarundika dawa za kundi moja.

Panapovuja

Ukisikia hivi unaweza kudhani ni kazi ya fundi yeyote. La hasha. Valvu ikivuja, kila kitu kimekwenda na maji.

Kwanza, upana wa mpira. Mpira mwembamba unabana ngozi na kuacha mishipa ya ndani wazi, hasa ile iliyojificha kwenye bonde kati ya mfupa na kano. Ndiyo maana madaktari wengi wanaweka vifundo vya bendeji juu ya mishipa kabla ya kufunga, ili mpira upate mahali pa kukandamiza.

Pili, farasi mwenyewe. Akihama mguu, akijitikisa, misuli iliyo juu inasukuma damu na dawa inapenya chini ya mpira. Ndiyo sababu ya ile dawa ya kutuliza na ganzi. Hapa ndipo kazi ya saisi inapoonekana. Nimemwona yule kaka akisimama na farasi nusu saa nzima, mkono shingoni, anamsemesha kwa Kiarabu na Kiswahili cha Nakuru vimechanganyika, na farasi hakunyanyua kwato hata mara moja. Bei ya dawa haiwezi kununua kitu hicho.

Tatu, vena. Zikichomwa mara nyingi zinavimba na kuziba, na mlango wako umefungwa. Hapo wengine wanatoboa tundu dogo kwenye mfupa na kupitishia dawa ndani ya uboho, kwa sababu uboho nao umeungana na vena.

Nne, na hii ni kubwa: huwezi kujaza klorini kwenye bomba lenye tope. Kiungo lazima kioshwe kwanza. Daktari anaingiza sindano kubwa au kamera nyembamba ndani ya kiungo na kupitisha lita kadhaa za maji safi ya dripu, yatoe usaha, yatoe mabonge, yatoe na zile kemikali zinazokula gegedu. Kamera ni bora zaidi kwa sababu anaona mabonge yalipo na kuyavuta. Bila kuosha, dawa kali kiasi gani itabaki nje ya vichochoro.

Njia nyingine

Kuna njia ya mkato ya kuchoma antibiotiki moja kwa moja ndani ya kiungo, na hutumika sana, mara nyingi baada ya kuosha. Ukolezi unakuwa mkubwa mno. Lakini uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa amikasini nyingi inaua chembe za gegedu lenyewe, kwa hiyo madaktari wanazidi kuwa waangalifu na kipimo.

Njia nyingine ni shanga. Mwaka 1970 Hans Wilhelm Buchholz wa Hamburg na wenzake waliandika habari za kuchanganya gentamisini na saruji ya mifupa, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo cha pleksi. Baadaye ikatengenezwa shanga za saruji hiyo, zikatungwa kwenye waya na kuwekwa penye mfupa ulioathirika. Dawa inatoka kwa wingi siku za mwanzo, halafu inachuruzika kidogo kidogo. Kasoro ni mbili: shanga ngumu ndani ya kiungo zinasaga gegedu, na mara nyingi lazima zitolewe baadaye. Wengine wanatumia plasta ya jasi, ambayo inayeyuka yenyewe. Mhandisi anayesoma mambo ya vifaa, hapo pana kazi ya tasnifu: kitu laini kinachokaa ndani ya kiungo, kinachoachia dawa kwa kasi unayoitaka, halafu kinapotea.

Mguu mwingine

Mtu anaweza kuuliza, kwani farasi asikae tu na kiungo kibovu, akachechemea maisha yake yote? Tatizo ni uzito. Farasi wa kilo 500 anabeba kama asilimia 60 miguu ya mbele, yaani kilo 150 kila mguu. Mguu mmoja ukigoma, mwenzake unabeba karibu mara mbili, mchana na usiku, kwa sababu farasi hawezi kulala chini siku nzima kama ng'ombe. Baada ya wiki kadhaa, nyama inayoshikilia kwato ya mguu mzima inaanza kuachana na mfupa. Hayo ndiyo yaliyomkuta Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby ya 2006 kule Marekani. Alivunjika mguu wa nyuma wa kulia Mei mwaka huo, akafanyiwa upasuaji mkubwa, lakini kwato za miguu mingine zikaharibika, na Januari 2007 akalazwa usingizi wa mwisho. Kila siku ya maumivu kwenye mguu mmoja ni deni kwenye mguu mwingine.

Ndiyo maana narudi kwenye yule farasi wa Jeddah. Dawa iliyohitajika ilikuwepo mji ule ule siku ya tatu. Daktari alikuwepo. Mpira ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: kiungo kilichochomwa sindano juzi na leo kimevimba na hakiwekwi chini, hiyo si kawaida, piteni simu. Siku tatu za kusubiri zilimpa bakteria muda wa kujenga, na gegedu muda wa kuliwa. Yule wa msumari pale Riyadh alioshwa na kufungwa mpira siku ile ile. Leo anatembea, ingawa hakurudi kwenye mbio.

Sisi tunahusikaje?

Nyumbani wengi wetu hatuna farasi, ila tuna ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili wanaosomesha watoto, na kuna punda wa kubeba maji na mizigo. Lamu, ambako punda ndiye gari, shirika la Donkey Sanctuary lina kituo cha kuwatibu tangu 1987. Ng'ombe akiingia usaha kwenye kiungo cha kwato, mchezo ni ule ule: tunakwenda duka la dawa za mifugo, tunanunua chupa ya OTC, tunachoma shingoni, haikusaidia tunachoma nyingine. Mwisho tunamuuza kwa bei ya nyama, na dawa bado imo mwilini.

Kumfunga ng'ombe mpira na kuchoma dawa kwenye vena ya mguu ni jambo analolijua daktari wa mifugo aliyesoma vizuri, awe ametoka SUA Morogoro, Kabete au Makerere. Halihitaji mashine ya mamilioni. Mpira, sindano nyembamba, maji ya dripu, dawa sahihi na mtu wa kumshika mnyama atulie. Lakini tafadhali msije mkamwambia baba afanye mwenyewe kwa tyubu ya baiskeli. Mpira ukisahauliwa umefungwa, mguu unakufa. Na amikasini na ndugu zake usizitumie kwa ng'ombe, zinabaki kwenye figo zake miezi mingi. Daktari atachagua dawa nyingine na atawaambia siku ngapi msikamue wala kuchinja kwa kuuza. Punda naye si farasi mdogo, ana vipimo vyake.

Ninachowaomba mkifikishe nyumbani ni mambo matatu tu. Jeraha lililo karibu na kiungo, hata liwe dogo kama tundu la sindano, ni la daktari siku hiyo hiyo. Kiungo kilichovimba ghafla na mnyama haweki mguu chini, hakipoi kwa kusubiri. Na dawa ikishindwa, kabla ya kuuliza "tuongeze kiasi gani?", ulizeni kwanza, "hivi imefika?" Kila dozi kubwa isiyofika panapotakiwa inaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wajifunze, na bakteria hao hao kesho wanaweza kuwa kwenye kidonda cha mtoto. Saudia yenyewe mwaka 2018 iliamua kukaza uuzaji wa antibiotiki za binadamu bila cheti cha daktari. Kwetu safari bado ndefu.

Mwenye swali, au anayesoma udaktari wa mifugo na ameona nimeteleza mahali kwenye fani yake, anikosoe toleo lijalo, tutafaidika sote. Nawatakieni kila la kheri kwenye mitihani.